Milango ya Dada Yake

Mjomba wangu hakuingia chumba chochote bila kupitisha kidole juu ya mlango. Hakugusa kitasa wala bawaba. Aligusa juu kabisa, ule ukingo mwembamba ambao hakuna anayeuona mpaka apande ngazi. Aliinua mkono, akaburuta kidole cha kati kutoka upande mmoja hadi wa pili, akakitazama, ndipo akasalimia waliomo. Alifanya hivyo benki. Alifanya hivyo siku aliponisindikiza chuoni, mbele ya msimamizi wa bweni. Alifanya hivyo hospitali, siku tuliyoitwa kwenda kuutambua mwili wa baba, na mhudumu akadhani anatafuta swichi ya taa.

"Hawakupaka juu," aliniambia kwa sauti ya chini siku hiyo.

Baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, alinieleza. Ukingo usiopakwa hunyonya unyevunyevu, mlango huvimba, na mlango uliovimba husugua fremu mpaka unakataa kufungwa. Fundi anayeuruka ukingo wa juu, kwa maoni yake, hakuwa mtu wa kuachiwa ufunguo wa nyumba.

Alikuwa fundi rangi wa mbao za ndani, basi. Milango, fremu, madirisha, kabati za jikoni, reli za ngazi, na ule ubao unaozunguka chini ya ukuta ambao mafundi huuita skatingi. Kuta hakutaka kuzisikia. "Ukuta unapakwa na mtu mwenye haraka zake," alisema. "Mbao inataka mtu aliyekosa pa kwenda." Kazini walimwita Msasa, kwa kuwa alisugua siku tatu ili apake siku moja. Mke wake, mkaza mjomba, alilalamika kwamba kwa miaka thelathini amelala na kopo la tapentaini na bado hajalizoea. Mjomba alimjibu kwamba kopo nalo halijamzoea yeye.

Mama yangu alikuwa dada yake, mkubwa kwake kwa miaka minane. Wazazi wao walifariki kwa kufuatana, mjomba akiwa bado anajifunza kutembea, na mama, mtoto mwenyewe, akambeba mgongoni. Mjomba alipofika miaka kumi na saba na shule imemshinda, mama, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa, alimpa brashi na mlango wa jikoni.

"Umepaka juu ya mafuta ya kupikia," alimwambia alipomaliza. "Kwangua."

Akakwangua, akaosha kwa sabuni, akapaka tena.

"Hukungoja ya kwanza ikauke. Kwangua."

Mara ya tatu mama aliutazama mlango kwa muda, akasema chai iko mezani. Mjomba alikuwa akitusimulia kisa hicho kila mara. "Chuo changu kilikuwa mlango wa jikoni wa dada," alisema, "na mkuu wa chuo hakuwa na huruma hata chembe."

Tangu hapo kila kipande cha mbao katika nyumba ile kilikuwa kazi ya mkono wake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, na korido nyembamba katikati, sebule upande mmoja na bafu upande wa pili. Alirudia kuipaka kila baada ya miaka kadhaa. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka aliofariki baba: rangi ya mafuta, nyeupe, yenye mng'ao. Iliyobaki aliimimina katika chupa ya jamu, akabandika karatasi, akaandika "Dada, korido", pamoja na mwezi na mwaka. Alikuwa na chupa za namna hiyo zaidi ya mia mbili katika banda lake, moja kwa kila nyumba aliyopata kufanya kazi. Mtu akimpigia simu kwamba kiti kimekwaruza mlango, alijua aende na chupa ipi.

Baba alipoondoka mama alibaki peke yake katika nyumba ile, na ndani ya miaka miwili nyonga ikaanza kumsumbua. Alipewa mkongojo wa chuma wenye miguu minne. Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Mwanga ulimchoma. "Kama mtu ananitilia pilipili," alisema. Akashusha mapazia mazito madirisha yote, akaishi hivyo miaka mitatu, akipita koridoni kwa kupapasa, huku miguu ya mkongojo ikigonga skatingi kushoto na kulia.

Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa kwetu, alitaka mama ahamie kwake. Si mtu mbaya, kaka. Kazi yake ni kukagua lifti za majengo marefu, na kazi hiyo imemzoesha kufikiria kuanguka tangu asubuhi hadi jioni. Kwake kulikuwa na chumba, kulikuwa na mke anayeshinda nyumbani, kulikuwa na watu. Mama hakutaka hata kulizungumzia.

"Nikihamia kwako nitakuwa mgeni wa kudumu. Nitaomba ruhusa hata ya kuchemsha maji."

"Mama, hakuna atakayekunyima maji."

"Ndiyo maana nasema nitaomba."

Kaka alimwekea masharti. Mama atabaki nyumbani mwake maadamu anaweza kutembea ndani ya nyumba bila kuanguka wala kujigonga. Siku kaka atakapoona dalili kwamba mama anagonga fremu, anakuja na gari. Mama alikubali, maana hakuwa na la kufanya. Kuanzia hapo mbao za nyumba ile zikawa mashahidi, na mama alilijua hilo.

Alimwita mdogo wake. "Kuna mahali nimekwaruza, pale karibu na chumba cha kulala. Nipitishie brashi, yule kijana asije akaanza hotuba."

Mjomba alikwenda na chupa yake ya jamu na tochi. Alipaona pale mahali. Alipomulika mbele kidogo akaona mahali pengine kumi na moja ambapo mama hakupajua, kwa kuwa hakuwa na macho ya kupaona. Hakumwambia. Alipashughulikia pote, na akawa anarudi kila Jumanne.

Nilimkuta siku moja akiwa kwenye kazi hiyo, amepiga magoti koridoni, tochi mdomoni. Alama nyeusi ya mpira wa mkongojo aliifuta kwa kitambaa na maji ya sabuni. Palipobanduka rangi, alisugua pembeni kwa msasa laini mpaka ukucha upite bila kukwama, akajaza puti kidogo, ule ujiuji wa kuzibia mashimo, akasubiri, akasugua tena, ndipo akagusisha brashi ya ukubwa wa kidole. Alinionyesha jambo moja ambalo sikuwa nalijua. Rangi nyeupe ya mafuta ikikaa gizani hugeuka manjano polepole, kama meno. Nyeupe ya kwenye chupa ilikuwa imekuwa nyeupe kupita kiasi. Kwa hiyo alichovya ncha ya kijiti cha kiberiti katika rangi ya njano, akakoroga, akajaribu, akaongeza tena kijiti, mpaka kiraka kikapotea machoni.

"Kiko wapi?" aliniuliza, akizima na kuwasha tochi.

Sikukiona.

"Basi hakipo," alisema.

Nilijua anaficha nini na anamficha nani. Nilinyamaza. Nilijiambia hayo ni mambo ya ndugu wawili, nami sina sehemu, ingawa mmoja alikuwa mama yangu na mwingine alinifundisha kushika brashi kabla sijajua kushika kalamu. Kaka alikuja kila mwezi, akapita koridoni, akatazama, akasema mama yuko vizuri. "Nilikuambia," mama alimjibu.

Halafu mama alifanyiwa upasuaji wa macho, jicho la kwanza, kisha baada ya wiki sita la pili. Ulifanikiwa kabisa. Wiki hiyohiyo aliniagiza niyatungue mapazia yote, nikayafue, nisiyarudishe. "Nimekaa gizani kama kiazi kwenye gunia," alisema. Madirisha yakaachwa wazi. Jua la asubuhi likawa linaingia sebuleni na kunyoosha hadi katikati ya korido.

Sasa, rangi ya mafuta ina tabia nyingine, na mjomba aliijua fika ila hakuiwazia. Ile manjano inayoletwa na giza huondolewa na mwanga. Taratibu, katika muda wa miezi miwili, milango, fremu na skatingi za mama zilirudia weupe wake wa awali. Viraka havikurudi. Njano yake ilikuwa rangi ya kutiwa, na mwanga hauna ugomvi na rangi ya kutiwa. Fundi wa kawaida asingelifanya kosa hilo, kwa sababu fundi wa kawaida asingejisumbua kulinganisha.

Kaka alikuja Jumamosi moja saa nne asubuhi. Nilikuwepo, na mjomba alikuwepo jikoni anakunywa chai. Kaka alisimama mwanzo wa korido, hakusogea.

"Mjomba," aliita. "Njoo unieleze. Hii nini?"

"Rangi."

"Naona ni rangi. Mbona imetoka madoa kama chui?"

Tulikuja sote kutazama. Kila mahali mama alipowahi kugonga kwa miaka mitatu palikuwa pamechorwa kwa manjano juu ya nyeupe. Chini kabisa palikuwa na safu ya miguu ya mkongojo. Juu yake, usawa wa kiuno. Juu yake, usawa wa kiwiko. Kwenye fremu ya bafu kulikuwa na kiraka kimoja usawa wa kipaji cha uso. Kaka alihesabu kwa kidole, akafika arobaini na tatu, akaacha.

"Hicho cha juu nilikuwa nimebeba ndoo," mama alisema.

"Mama, ulikuwa na mkongojo na ndoo?"

"Ndoo ndogo."

Lakini mimi nilikuwa namtazama mama usoni, na niliona kwamba na yeye alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza. Alimgeukia mdogo wake. "Nilikuomba kimoja," alisema.

"Nilidhani nimalizie tu, dada."

"Umalizie nini? Umenichora ramani!"

Mjomba alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Kaka alisema atakuja na gari wiki ijayo. Mama alisema hapandi. Akadai, na hapo alikuwa na haki, kwamba alama zote zile ni za wakati hana macho. Sasa anayo. Kumhukumu kwa madoa ya kipofu ni uonevu. Kaka alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza kamba ya lifti.

"Miezi mitatu," alisema mwishowe. "Mjomba atazipaka upya mbao zote. Baada ya hapo hagusi kitu. Alama ikitokea, ibaki. Siku ya mwisho tunapita wote pamoja tunaangalia."

"Mnanipa mtihani kwa milango yangu mwenyewe?" mama aliuliza.

"Alama ya mpira ikifutika kwa kitambaa, ifutwe," mjomba alisema. "Huo ni usafi wa kawaida. Kilichoingia kwenye mbao ndicho kibaki."

Kaka aliona hilo ni sawa. Mama alisema yeye hajaona lililo sawa popote, lakini alikubali.

Jumatatu nilikwenda na mjomba kununua rangi. Mwenye zamu dukani alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye kucha ndefu na maarifa mengi. Mjomba alimwomba rangi ya mafuta, nyeupe.

"Mzee, kwa korido ya mtu anayetembelea mkongojo? Na umesema ile ya kwanza ilikugeukia manjano?" Alishusha kopo jingine. "Chukua hii. Ni ya maji, lakini ikikomaa inakuwa ngumu kama ya mafuta. Haibadiliki rangi, inaoshwa, mng'ao wake nusu."

"Ya maji kwenye mbao? Binti, unataka kunizika?"

"Nataka upumue. Hiyo yenu ya mafuta ndiyo inayowazika."

Mjomba alikunja uso, lakini niliona amependa jibu. Akataka kuuona mfano. Binti akaleta kibao kilichopakwa rangi ile, na mjomba akakikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, kisha kwa ufunguo. Halafu, bila kumwomba mtu radhi, akavua kiatu chake cha kulia, akakikamata kisigino, akasugua soli nyeusi kwenye kibao mara tatu kwa nguvu zake zote. Wateja walisogea pembeni.

"Mzee, kibao hicho nacho kina mama yake," binti alisema.

"Nipe kitambaa chenye maji."

Alama ilifutika. Alikikagua kibao akikigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni, mguu mmoja ukiwa na soksi tu. Ile isiyong'aa, alinieleza, inashika uchafu na ukiisugua inatoka baka. Inayong'aa sana inaonyesha kila kovu lililo chini yake. Hii ya katikati ingefaa. Alinunua makopo mawili na moja la andakoti, rangi ya kutangulia chini, na akamuuliza binti jina la mwalimu wake. Binti akasema alijifunza kwa kusoma maandishi ya kwenye makopo. Mjomba alirudia jambo hilo kwa watu kwa wiki nzima.

Aliifanya kazi ile kwa siku tisa. Kwanza alifuta mbao kwa pamba yenye spiriti, ambayo huyeyusha rangi ya maji na si ya mafuta, kuhakikisha chini ni rangi ya mafuta, ingawa aliipaka mwenyewe. Kisha sabuni, maji safi, msasa. Rangi ya maji ikiwekwa juu ya mafuta yanayoteleza, aliniambia, hushika wiki mbili kisha huvuliwa kama ganda la ndizi. Akasugua mpaka mng'ao ukafa kila mahali, akapaka andakoti, kisha rangi mara mbili, nyembamba. Viraka vya manjano vilizama chini kimoja kimoja. Mama alikaa sebuleni akimsikiliza, na mara nyingine alimtupia neno.

"Msasa, bado uko hai?"

"Niko hai, dada. Fremu ndiyo imechoka."

Miezi mitatu ikaanza. Nilikwenda kila Jumapili, na sitasema kwamba sikutazama. Mwezi wa kwanza hapakuwa na kitu. Mama alitembea wima, alitaja rangi za nguo za wapita njia kutoka dirishani, alisoma kalenda ya ukutani kwa sauti. Mwezi wa pili palikuwa na alama nne nyeusi chini kwenye skatingi. Alizifuta mbele yangu na kunionyesha kitambaa, kama mtoto anayeonyesha daftari. Nilianza kuamini kwamba atafaulu. Hata kaka alianza kusema habari za kufunga vishikio bafuni.

Zikabaki siku kumi. Jumapili hiyo nilifika saa tisa mchana. Mjomba alikuwa amekaa sakafuni koridoni, kando ya fremu ya bafu. Mapajani alikuwa na kijikopo cha puti na kisu chake kipana. Mama alikuwa amesimama juu yake, ameushika mkongojo kwa mikono yote miwili.

Kwenye fremu, usawa wa kiuno, palikuwa na mbonyeo. Haukuwa mkubwa, ungeweza kuuziba kwa ncha ya dole gumba. Rangi mpya ilikuwa imepasuka pembeni yake na mbao ilionekana ndani, ya kahawia, yenye nyuzi zilizovunjika. Chuma cha mkongojo kilikuwa kimeipiga kwa uzito wote wa mwili.

"Ziba," mama alisema. Kwa jinsi alivyolitamka nilijua si mara ya kwanza.

"Ulianguka lini?" mjomba aliuliza.

"Sikuanguka. Nilijikwaa."

"Ukafika chini?"

Mama aliunyoshea mbonyeo kidole.

"Dada. Ukafika chini?"

"Nilikaa. Nilikaa kidogo nikapumzika."

"Kidogo kiasi gani?"

Mama alitazama upande wa jikoni. Niliyafuata macho yake. Kwenye sinki sufuria ilikuwa imelowekwa, na hata kutoka pale niliona chini yake ni nyeusi tititi. Alikuwa ameteleka maji ya chai. Yalichemka, yakakauka, na sufuria ikaungua, na muda wote huo alikuwa sakafuni kati ya bafu na korido, akisikia harufu na asiweze kuinuka.

Mjomba naye aliiona sufuria. Alichukua kifuniko cha puti, akakirudisha kwenye kopo, akakigonga kwa kiganja mpaka kikabana.

"Sizibi," alisema.

"Nilikulea mimi."

"Ndiyo, dada."

"Nilikubeba kwenye mgongo huu huu unaouma leo."

"Ndiyo."

"Basi ziba."

"Sizibi, dada."

Alisema kwa upole, na hakuinua macho. Kwa mkono wake ingemchukua dakika ishirini, na hakuna aliye hai ambaye angeujua mbonyeo ule. Safari hii nyeupe iliyobaki chupani ilikuwa ileile ya kwenye fremu, hata kijiti cha kiberiti kisingehitajika. Alama zaidi ya arobaini alikuwa amezificha bila kuombwa. Hii moja aliombwa, na mtu ambaye kwa miaka sitini hakupata kumkatalia kitu.

Mama alinigeukia. "Na wewe? Si alikufundisha? Kopo hilo hapo."

Nilisema sufuria imeungua sana, itahitaji mchanga. Nikaenda kuisugua. Nilipotoka jikoni mjomba alikuwa ameshafukuzwa.

Siku ya mwisho kaka alikuja. Tulipita koridoni pamoja, mama mbele. Alipofika kwenye fremu ya bafu alisimama mwenyewe, akaweka kidole kwenye mbonyeo, akasema, "Hapa." Kaka hakusema lolote la ushindi. Aliuliza tu kama aliumia. Mama alisema masanduku yako chumbani, na mawili yalikuwa yameshafungwa.

Alihamia kwa kaka. Hakuharibikiwa kule, wala hakufurahi. Aliomba ruhusa ya kuchemsha maji, kama alivyosema, mpaka mkwe wake akalia, ndipo akaacha. Kwa mdogo wake hakutoa msamaha. Hakulitaja jina lake la utani wala undugu wao. Akilazimika alisema "yule fundi". Mjomba alipiga simu kila Jumanne kwa miezi minne, akaambiwa kila mara kwamba mama amelala.

Mwezi wa tano kaka alimwomba aje apake mbao za chumba cha mama. Ilipangwa afanye kazi wakati mama akiwa kwenye mazoezi ya nyonga, siku tatu mfululizo, na mimi nifungue mlango. Alikuja na makopo ya rangi ya yule binti. Hakuchagua nyeupe. Alichagua kijivu iliyokolea, ili fremu ionekane wazi pembeni ya ukuta mweupe na jicho lijue mlango unaanzia wapi. Kisha alifanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Kabla ya kupaka alichukua msasa mgumu na kuzisugua kona zote za fremu kuanzia chini hadi usawa wa bega, saa baada ya saa, mpaka hapakuwa na ncha tena, kila kona imekuwa duara kama mpini wa jembe la zamani.

"Akigonga?" niliuliza.

"Atagonga," alisema. "Yule ni dada yangu, namjua. Ila haitamkata."

Siku ya tatu alisafisha brashi, akazifunga kwenye gazeti, akakunja turubai. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na aliinuka kwa kushika goti. Nilimsindikiza hadi getini.

Alifariki Jumatano iliyofuata kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Moyo, walisema. Kinyozi alimalizia nusu ya pili kabla ya kuwaruhusu wamchukue, na mkaza mjomba alimshukuru kwa hilo.

Mama hakulia mbele yetu. Jioni ya mazishi alikaa kitandani kwake, mikono mapajani, akiutazama mlango wa kijivu. Aliniuliza kama mjomba alisema neno lolote kumhusu, siku ile ya mwisho alipokuwa pale. Nilifikiri nimtungie jambo. Sikuweza, na nikamwambia lilivyokuwa, kwamba pale getini alitoka, akarudi hatua mbili, akaniambia:

"Mwambie dada imekauka juu juu tu. Asiegemee mpaka Jumamosi."